Redio ya Kampuni kwa Ajili ya Ilagala

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha redio bandarini Kigoma nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na kabla chai ya saa nne haijaletwa nilikuwa nimeshasalimia ziwa zima. Niwaeleze ilivyokuwa, maana vijana wengi wanaoniuliza habari za kazi ile hawajawahi hata kuishika maiki.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mrefu kutoka Tabora, mpole, aliyesema kila neno kama analipima kwanza. Alinikalisha mbele ya mtambo, akanionyesha kitufe cha kusemea. Watu waliuita mtambo ule simu ya upepo. Ukibonyeza kitufe unasema lakini husikii. Ukikiachia unasikia lakini huwezi kusema. Wawili hawasemi kwa pamoja, ndiyo maana ukimaliza unasema "ova", yaani mimi basi, sasa zamu yako. Baada ya kunieleza hayo akageuka kutafuta faili lake. Papo hapo nahodha mmoja wa boti ya mizigo akaita kutoka upande wa kusini, na sauti yake ilikuwa ya mzee.

Mimi nimelelewa Ujiji. Nyumbani kwa babu na chuoni nilikosomea Kurani nilifunzwa jambo lile lile kuhusu sauti ya mzee. Nikabonyeza, nikasema, "Shikamoo, ova." Nahodha akajibu, "Marahaba binti, hujambo? Ova." Nikasema sijambo, nikamuuliza habari za safari, naye akaniuliza mimi ni wa nani pale Ujiji, nikamtajia babu yangu, kumbe anamfahamu. Yote hayo kwa ova moja baada ya nyingine, huku boti nyingine zikingoja zamu.

Mkuu wa Kituo hakunigombeza. Alisubiri nimalize, akasema, "Binti, umesalimia ziwa zima, na ziwa limeitikia. Sasa muulize yuko wapi na amebeba nini."

Kwake nilijifunza mambo ambayo mpaka leo mkono wangu huyafanya wenyewe. Nilijifunza kubonyeza, kuvuta pumzi, ndipo niseme, kwa sababu mtambo huchelewa kidogo kuamka na neno la kwanza hukatika. Wenye haraka walikatwa silabi ya kwanza, wakasikika wakiita "Goma, Goma" badala ya Kigoma, na walioitwa, wakidhani wanadhihakiwa, walijibu kwa hasira. Nilijifunza kusikiliza kwanza kabla ya kuita, nisije nikaikanyaga sauti ya mtu aliye katikati ya shida yake. Kubwa kuliko yote alinifundisha kuhusu masikio. Aliniambia kwamba mule ndani nitasikia mizigo ya watu, ugomvi wao na misiba yao, na kwamba nikitoka mlangoni niyaache yote mezani. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa ameshanifundisha habari ya amana, kwamba kitu ulichoaminiwa si chako hata kikikaa mkononi mwako miaka. Sikuwa nimefikiria kwamba hata sauti inaweza kuwa amana.

Baada ya miaka kadhaa Mhandisi wa Mawasiliano wa Mkoa alinihamishia upande wa afya. Chumba kilikuwa kidogo zaidi, chenye dirisha moja na antena ya waya iliyofungwa kutoka paa mpaka kwenye nguzo. Kazi yangu ilikuwa kuita zahanati za mwambao kila asubuhi, moja baada ya nyingine, kupokea taarifa zao na kuzifikisha hospitali. Hatukuitana kwa majina ya watu. Kila kituo kiliitwa kwa mahali pake. Mimi nilikuwa Kigoma. Na kusini, karibu na Malagarasi inapomwaga maji ziwani, kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Felista, lakini kwangu alikuwa Ilagala.

Nilimfahamu Ilagala kwa sauti muda mrefu kabla sijamwona. Nilijua akiwa na mafua. Nilijua akiwa amelia na anaficha. Siku moja alikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua, na hali ya hewa ilikuwa imeharibu masafa kiasi kwamba maneno yalikuja vipande vipande kama karatasi iliyochanika. Akaacha kusema sentensi. Akawa anasema neno moja, anaachia kitufe, ananisikiliza nilirudie, ndipo anasema linalofuata. Hivyo ndivyo tulivyoagiza boti, neno kwa neno, na boti ilifika. Mtoto yule sasa ana watoto.

Tulipokutana mara ya kwanza ilikuwa kwenye semina mjini. Nilikuwa naomba maji ya kunywa, na nyuma yangu mtu akasema, "Kigoma!" Nikageuka. Mwanamke mfupi, mwenye mwanya, wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, ananitazama kama ndugu aliyepotea. Tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina jingine. Amewahi kuniita hivyo sokoni, katikati ya mji wa Kigoma, watu wakashangaa huyu bibi anauita mji kwa nini. Mume wangu alipofariki alikuja na watu wa jumuiya yake ya kanisa, akanishika mikono miwili, akasema tu, "Kigoma, pole." Sikuhitaji maneno mengine.

Simu za mkononi zilipoenea, mitambo ya zahanati ilinyamazishwa mmoja mmoja. Mhandisi alinipeleka karakana, nikawa fundi wa redio za magari na boti mpaka nilipostaafu. Felista naye alistaafu. Ndipo tukafanya jambo ambalo wanangu waliliona la kitoto: tukasomea mtihani wa redio ya ridhaa, tukapewa leseni.

Redio ya ridhaa ni ya watu wanaopiga redio kwa kupenda, bila mshahara wala biashara. Unapewa masafa yako ya kutumia na alama ya wito, ambayo lazima uitaje ili ijulikane ni nani anasema. Huku kwetu tuko wachache. Kuna mimi, ninayekaa Gungu hapa Kigoma, kuna Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwandiga, kuna wengine wawili watatu wanaokuja na kupotea, na kuna Ilagala. Kila siku baada ya swala ya Alasiri tunafungua redio na kuitana. Simu tunazo, lakini simu ni ya wawili. Kwenye redio anayesema anasikiwa na wote, na anayekosekana anaulizwa na wote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Macho ya Felista yameingia presha. Madaktari wamefanya walichoweza, na kilichobaki ni mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu akipita. Redio yake ya ridhaa, kama zilivyo nyingi za siku hizi, ni ndogo, ina kioo kidogo na vitufe vingi, kila kitufe kina kazi tatu kutegemea umekibonyeza vipi. Kwa mwenye macho ni raha, unatembea kwenye masafa utakavyo. Kwa Felista ikawa msitu. Kidole kikiteleza, redio inahamia masafa mengine na yeye hajui. Tukaanza kumkosa siku moja, kisha siku nyingi. Nilipompigia simu aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba atampa binti yake aiuze ile redio, kwa kuwa redio ni kazi ya macho.

Nilijua maana yake. Mtu aliyetumia maisha yake kuita na kuitikiwa, ukimwacha akae kimya gizani, hataishi muda mrefu.

Fundi Baraka ana duka karibu na stesheni ya reli, hutengeneza simu na redio. Nilimwendea kutafuta ushauri, naye akaniwekea mezani redio mbili zilizotumika, zote za kampuni, yaani zile zinazotengenezwa kwa ajili ya walinzi, migodi na magari ya mizigo. Akasema hizo hata zikianguka kwenye mawe haziumii.

Kwa miaka mingi wenzangu wa ridhaa wakiniuliza kama wanunue redio ya kampuni, nimewaambia hapana. Ni imara, hilo kweli, na sauti yake ni safi hata penye kelele. Lakini imetengenezwa kwa mtu mwenye bosi. Haina namna ya kuandika masafa unayotaka ukiwa umekaa nayo. Ina chaneli tu, na kilichomo ndani ya kila chaneli huwekwa kwa kompyuta na fundi mwenye programu na waya wa aina ile ile. Ukitaka kubadilisha kitu kidogo, urudi kwa fundi. Mtu wa ridhaa anayependa kuzunguka na kugundua, ukimpa redio ya kampuni umemfungia ndani ya uzio. Na mimi sikutaka kumfungia Felista ndani ya uzio juu ya giza alilokwisha kupewa.

Hata hivyo niliikagua. Ile iliyopendeza zaidi niliigeuza, nikasoma kibandiko cha nyuma, nikamrudishia. Masafa yake yanaanzia juu kuliko yetu, haiwezi kushuka mpaka tulipo, hata uikarabati vipi. Wengi hununua kwa kuvutiwa na umbo, kisha wanabaki na pambo la kabatini. Ya pili, nzito, yenye mikwaruzo, ilifaa. Niliiwasha kwa betri. Ikaanza kutoa sauti za watu wakipeana zamu za lindo.

"Unaona, Bibi?" Baraka akasema akicheka. "Hii imekuja na wenyewe ndani. Ukichoka mazungumzo ya wazee unasikiliza walinzi."

"Hayo si yangu kuyasikia, mwanangu. Nikiichukua utaifuta kwanza, chaneli zote, mbele yangu."

"Hata moja nisibakize?"

"Hata moja."

Nilimwomba aniazime niende nayo Ilagala kabla sijaamua. Akaniuliza kwa utani, nikitoroka nayo atanitafuta wapi. Nikamwambia aje msikitini Ujiji siku ya Ijumaa, aulize upande wa wanawake. Akaifuta mbele yangu, kisha akaifunga kwenye mfuko.

Lakini sikuondoka siku ile. Nilirudi nyumbani nikaswali istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye heri. Watu huiswali kwa ajili ya ndoa na safari. Mimi niliiswali kwa ajili ya redio iliyokwaruzika, na sioni aibu, kwa sababu Yeye haoni kitu kuwa kidogo. Sikuota ndoto yoyote. Niliamka na wazo moja jepesi, kwamba nilikuwa nikimwamulia Felista kuhusu uhuru wake bila kumuuliza.

Nikapanda gari la kwenda Ilagala. Baraka alikuwa ameshaifuta na kuweka chaneli chache za majaribio, na yetu katikati.

Felista alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye mkeka, rozari mkononi. Alinitambua kabla sijapiga hodi, kwa mguu wangu wa kushoto ninaouburuta.

"Karibu, Kigoma. Mwakeye?"

"Tumeamka salama, dada. Nimekuletea kitu."

Nikamwekea redio mapajani. Akaipapasa, akaipima uzito, akasema nimemletea tofali, na kwamba kama nimekuja kujenga ningeleta na saruji. Binti yake akacheka kutoka jikoni. Mimi nikaanza kumweleza ubaya wake, kama inavyompasa fundi mwaminifu. Nilimweleza kwamba haitampeleka kokote zaidi ya pale ilipofungwa. Kwamba hataweza tena kutafuta sauti za mbali, za watu wa ng'ambo, kama alivyokuwa akifanya zamani na kunisimulia kwa furaha. Kwamba atakuwa na chaneli zile tulizomwekea, basi.

Alikuwa ananisikiliza, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaikuta swichi ya kuzungusha chaneli. Swichi ile ni kubwa, ina meno, na kila chaneli hulia tak. Akaizungusha. Tak. Tak. Tak. Akaendelea mpaka ikagoma.

"Imekataa," akasema.

"Hapo ni mwisho wake upande huo."

Akairudisha upande wa pili, taratibu, midomo ikitembea bila sauti. Nilipomwangalia mkono wa kushoto, kidole gumba kilikuwa kikisogeza punje za rozari sawasawa na milio ya swichi. Akafika mwisho mwingine, ikakataa tena. Akatabasamu, ule mwanya ukaonekana.

"Hii naijua," akasema. "Hii naisali kila siku."

Nilijaribu tena kumwambia habari ya uzio. Nadhani nilikuwa najitetea mwenyewe, maana nilikuwa nimewasema vibaya hizi redio kwa miaka mingi. Akaniwekea mkono mdomoni, kama anavyonyamazishwa mtoto.

"Sikiliza, Kigoma. Juzi niliita. Nikaita tena, nikawaita wote, mmoja mmoja. Kumbe niko masafa mengine, nasema na upepo. Sikujua. Nilikaa hapa nikidhani mmeamua kuniacha." Akaishika tena swichi. "Mimi sitaki kuzurura tena. Nimezurura inatosha. Nataka nikibonyeza, uwe upo."

Niliziacha hoja zangu za kifundi, nikairudisha redio mfukoni.

Njiani kurudi nilitafakari jinsi ninavyomwomba Mungu uhuru wa kila namna, na jinsi ambavyo neema zake nyingi kwangu zimekuja kwa umbo la mipaka: swala zenye nyakati zake, mwezi wa mfungo, kibla kimoja. Sijawahi kuviita uzio. Kwa nini niliona uzio kwenye swichi yenye mwisho?

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baraka, nikamwambia naichukua. Ila nilimwomba abadilishe mpangilio. Masafa yetu yasikae katikati, yakae chaneli ya kwanza kabisa, pale swichi inapogomea kushoto. Hivyo hata akipotea, hata akiamka na homa na amesahau kuhesabu, azungushe tu kushoto mpaka ikatae. Baraka alinitazama, akavuta kompyuta yake karibu. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza, nikahakikisha upana wa chaneli umelingana na wa kwetu, maana ukiwa mwembamba sauti hutoka imebanwa, kama mtu anasemea kwenye mtungi. Tukapeleka barua ya kuulizia kwa ofisi inayotoa leseni, wakatujibu kwamba hakuna tatizo maadamu redio inabaki ndani ya masafa ya ridhaa na haina chaneli za watu wengine. Hata hilo la mwisho lilinifurahisha. Baraka mwenyewe alikwenda Ilagala kufunga antena juu ya mlingoti, iangalie maji, kwa kuwa masafa yetu haya hupenda njia iliyo wazi, na kati ya Ilagala na Gungu ziwa ni uwanja mpana usio na kizuizi.

Wenzangu wa ridhaa bado wananiuliza kama wanunue redio ya kampuni. Siku hizi sikimbilii kusema hapana. Ninawaambia wasome kibandiko cha nyuma, wamtafute fundi mwenye waya na programu kabla hawajaitafuta redio, waifute amana ya watu iliyomo. Na kabla ya yote hayo nawauliza swali ambalo hakuna Mhandisi aliyewahi kunifundisha: ni nani atakayeishika, na anataka kumpata nani?

Siku ya kwanza baada ya antena kusimama niliswali Alasiri, nikabaki kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida. Kisha nikafungua redio, nikavuta kiti. Mwalimu wa Mwandiga alikuwa ameshaingia. Tukangoja. Pakawa kimya, ile sauti ya redio tupu inayofanana na mvua ya mbali. Kisha kikasikika kitufe, pumzi ikavutwa vizuri kama tulivyofundishwa, na alama ya wito ya Felista ikatamkwa yote, bila herufi moja kukatika.

"Kigoma, Kigoma, hapa Ilagala. Upo? Ova."

Nilimwambia nipo. Mwalimu akadakia kwa furaha, akamkaribisha, na kwa mazoea ya miaka yote, bila kufikiri, akamuuliza, "Ilagala, ziwa likoje leo? Ova."

Najua Mwalimu alijiuma ulimi pale alipokaa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, tayari kuingia na neno lolote la kumwokoa. Kisha Felista akabonyeza.

"Ziwa limetulia, Mwalimu. Upepo unatoka kusini, naupata kwenye shavu hili. Wavuvi wanasukuma mitumbwi, nasikia wanamcheka mmoja amesahau kasia. Na hapa jirani wanakaanga samaki wa mgebuka kwa mawese, wewe endelea na maharage yako huko Mwandiga. Ova."

Mwalimu alicheka, akasema ova. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, bila kubonyeza, kisha zamu ikawa yangu.